Ngoma Tulizobeba Bila Kuzipiga

Venansi alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani naanika maharage, akasema, "Deo, baba yake Gaudensia amefariki. Huko Nyamahanga." Sote wawili tulikuwa tunawaza jambo lilelile bila mmoja kutaka kuwa wa kwanza kulitaja: nani atakwenda kuichukua ngata ya Gaudensia? Mguu mmoja wa Venansi siku hizi haumtii. Wenzetu wengine wametawanyika, na baadhi yao wamekwisha kutangulia. Nilibaki mimi, mtu ambaye majirani zangu wa Murusagamba husema nikipotea nitafutwe kwanza chini ya kitanda changu. Sikuumbiwa safari. Nimewahi kuahirisha kwenda mnadani kwa sababu mawingu yalikuwa na sura nisiyoielewa, na Biharamulo kwangu ni ng'ambo kabisa. "Utakwenda?" Venansi akauliza. Nikamwambia ningoje kwanza maharage yakauke. "Deo," akasema taratibu, "hayo maharage umeyaanika tangu tukiwa vijana."

Ngata yangu inaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Ni ile pete ya maganda makavu ya mgomba ambayo mtu huiweka kichwani chini ya mzigo. Huku kwetu kila nyumba inazo, na zikichakaa hutupwa motoni bila kuagwa. Yangu haijatupwa. Ni nene kiasi kwamba wageni huniuliza ni kuku gani anayetaga juu kiasi kile. Siku ile niliishusha nikaipuliza vumbi, vumbi likasimama kwenye mwanga wa mlangoni, na kwa muda nisioweza kuupima nikawa sipo kwenye nyumba ya mzee anayeishi na redio na paka, nikawa katika jiko lilelile mama akiwa hai, akinipa kisogo, akikoroga uji wa mtama na kusema bila kugeuka, "Leo ile ngoma yako imelowa. Waambie waiweke juani."

Tulikuwa mashabiki. Nalisema mapema ili asije mtu akanivika sifa zisizo zangu. Kata yetu ilikuwa na kikundi cha ngoma, zile kubwa zilizochongwa kwenye gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi, ambazo wazee walivuka mpaka wakiwa nazo vichwani walipokimbia Burundi, au walivuka na namna ya kuzichonga, inategemea unamuuliza nani na amekunywa nini. Melkiori, aliyekuwa kiongozi wa kikundi, aliamini mpigaji lazima afike uwanjani mikono yake ikiwa mibichi. Kwa hiyo wapigaji walitembea mikono mitupu kama mabwana, na ngoma tulizibeba sisi. Kila shabiki alikuwa na ngoma yake, ileile siku zote, na ngata yake mwenyewe. Wapenzi wa mpira walitucheka. "Leo mmeshinda ngapi?" walituuliza tukirudi, shingo zimetuingia mabegani. Mimi niliwahi kujaribu kupiga, jioni moja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unajua kinachotakiwa. Wa kushoto ulikuwa unapata habari kesho yake. Melkiori alinisikiliza kwa uvumilivu, akanipokonya vijiti, akasema, "Deo, wewe una kichwa kizuri sana." Nilitembea na sifa hiyo siku mbili kabla sijaelewa kwamba alimaanisha kimekaa bapa juu.

Lakini tulikuwa na kazi moja nyingine, na hiyo hakuna aliyetucheka. Ngoma ya katikati, ile tuliyoiita inkiranya kwa kuwa ndiyo inayoziongoza nyingine, ilikuwa inagonga mara tatu halafu inanyamaza ghafla. Hapo dunia nzima ilisimama. Na sisi tuliozunguka uwanja, kila mmoja mahali pake, tulipaswa kuitikia kwa pumzi moja, "Iyee," ndipo ngoma zote zianze upya. Bila sisi hazianzi. Nilimweleza mama jambo hilo kwa fahari kubwa. Akaninawisha mikono kama mtoto, akaniwekea sahani ya ndizi na maharage, akasema, "Kwa hiyo unabeba kelele za wenzako, kisha unaziomba ziendelee." Yeye hakuwahi kuja uwanjani. Alikuwa na jiwe lake pembeni ya mlango wa jikoni, na kila Jumapili alikaa juu yake akichambua mboga na kusikiliza kutoka ng'ambo ya bonde. Nikirudi alinisimulia mimi ngoma ilivyokuwa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza kwa msiba wa Venansi. Baba yake alifariki mvua za vuli zikiwa zimechanganya, na kwao, kama ilivyokuwa kwetu, aliyefiwa na mzazi hakanyagi penye ngoma wala habebi mzigo wa shangwe mpaka wazee wamalize msiba. Tulikwenda kumpa pole, kundi zima, tukakaa kwenye majani uani tukitazama vidole vya miguu yetu. Umri wetu ulikuwa ule wa kujua kutania tu. Gaudensia, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi sote, aliyeweza kumwambia mtu kwamba ndevu zake zinafanana na shamba lililopitiwa na mbuzi, siku hiyo hakuwa na neno. Wakati wa kuondoka aliiona ngata ya Venansi imetundikwa kwenye ua wa miti. Akaichukua, akaiweka kichwani, akaondoka nayo. Baadaye nilimuuliza kwa nini. "Mikono yangu ilikuwa haina kazi," akasema. "Ningefanyaje? Ningembeba yeye?"

Jumapili iliyofuata alibeba ngoma yake mwenyewe mpaka uwanjani, akarudi mbio kuchukua ya Venansi, akiwa na ngata ya Venansi. Ilikuwa inamteleza, maana kichwa chake kidogo, basi akaizungushia ganda moja jipya la mgomba. Jumapili nyingine nikabeba mimi, nikazungusha langu. Hatukukubaliana. Hakuna aliyesimama akasema tangu leo iwe hivi. Ila maharage yalipovunwa na msiba wao ukamalizwa, Venansi akaja uwanjani amenyolewa, kiwiliwili kimepungua ndani ya shati la baba yake, na Gaudensia akamkabidhi ngata iliyonona kama mkate. Akaigeuzageuza. "Hii si yangu," akasema. "Ni yako," Gaudensia akamjibu, "tumekupunguzia uzito kwa kukuongezea." Akaiweka kichwani, tukamtwika ngoma yake, na tulipofika uwanjani tukakuta uso wake umelowa wote, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa juu imeshika ngoma hakuweza kujifuta. Nikamfuta mimi, kwa mkono wangu wa kushoto, vibaya.

Mama alifariki baada ya hapo, katika msimu wa jua kali. Sitaeleza ugonjwa wake. Ulikuwa mfupi na hauna adabu. Nakumbuka chumba: kitanda kimesogezwa dirishani ili apate hewa, kikombe cha bati chenye uji ulioganda ngozi juu, kanga yake ya kwendea kanisani imekunjwa juu ya kiti kana kwamba ameketi mtu mwembamba sana. Nakumbuka siku ya maziko watu wamejaa mpaka migombani, na katekista, mtu mwema aliyependa sauti yake, akihubiri na fimbo mkononi. Alikuwa na tabia ya kugonga fimbo chini kila alipotaka neno limwingie mtu. Akasema mama yetu amepumzika. Akagonga, mara moja, mara mbili, mara tatu, akanyamaza.

Na mashabiki wote, waliokuwa wamesimama nyuma yangu vichwa vimeinama, wakaitikia kwa pumzi moja, "Iyee."

Katekista alibaki na fimbo hewani. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Wamelewa hawa?" Nilimwona Gaudensia ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kama aliyetapika madhabahuni. Mama mdogo Konsolata, mdogo wake mama aliyetoka Nyamahanga, akajifunika kanga uso mzima na mabega yakaanza kumtetemeka. Nikamsogelea nimshike, nikidhani anaanguka. Alikuwa anacheka. "Dada yangu," akaniambia ndani ya kanga, hana pumzi, "dada yangu angetaka warudie." Hapo nami nikacheka na kulia kwa pamoja, kazi ngumu sana ambayo sikuwahi kufundishwa. Watu walipotawanyika Gaudensia akapita jikoni bila kuniangalia, nikasikia msumari ukilia. Ngata yangu ilikuwa imekwenda.

Halafu nikakaa. Siku hizi watu husema mimi ni mtu wa nyumbani, nami nakubali, natikisa kichwa, nakaribisha chai. Lakini kukaa kwa miezi ile kulikuwa kwa aina nyingine. Nilikaa jikoni kwenye majivu. Jumapili ngoma zilipoanza ng'ambo ya bonde niliingia ndani na kufunga mlango, ingawa ngoma hazijui mlango. Zinapita ardhini, zinapanda kwa miguu ya kigoda. Nyakati nyingine nilikuwa sijui nimelala au nimeamka. Niliona jiwe la mama pembeni ya mlango likiwa na joto wakati jua halijalifikia, na sikushangaa. Nilikula nilicholetewa. Venansi alikuja na ugali wa muhogo, akakaa, akala nusu yake yeye mwenyewe, akaondoka. Gaudensia alikuja kunitukana. "Umenuka moshi mpaka nzi wanakukwepa," alisema akinifagilia. Wazee wakamaliza msiba, nikanyolewa, nikaambiwa niko huru sasa kwenda popote penye shangwe. Nikarudi jikoni.

Mama mdogo alikuja tena. Nilisikia mazungumzo yao kutoka chumba cha pili, yeye na mama yake Venansi, wakimenya ndizi; nilisikia ndizi zikidondoka kwenye maji kati ya maneno.

"Huyu mtoto ataozea humu."

"Ana umri wa kuoa huyu, si mtoto."

"Nani ataolewa na jivu? Namchukua Nyamahanga. Nyumba tutaifunga, shamba alime atakayelitaka. Hawa wa ngoma wakitoka Rulenge kwenye sikukuu ya misheni, nami naondoka naye."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ndiyo. Ukimwambia kesho tunamchinja atasema ndiyo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesema ndiyo. Nilijua kwamba nyumba ikifungwa, jiwe lile litasombwa na mtu akajengee choo, na nilijua kwamba ni mimi tu ninayeweza kuzuia, kwa kutoka nje kama mtu anayeishi. Na sikuweza. Mlango ulikuwa hatua chache kutoka nilipokaa, na ulikuwa mbali kuliko Bujumbura.

Siku ya kwenda Rulenge waliondoka alfajiri. Lori lilikuwa linawangoja njia panda, maana barabara ya kwetu haikulipenda, na ili kufika huko kwa kawaida walipita chini, kando ya mto. Siku ile wakapita uani kwetu. Nilichungulia kwenye ufa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka kiunoni mwa migomba, na ngoma zilikuwa zinakuja juu ya ukungu zenyewe, moja nyuma ya nyingine, polepole, kama ng'ombe wanaovuka maji. Chini yake hapakuwa na watu. Nikasema, haya, sasa nimeota kabisa. Kisha nikasikia Gaudensia akimkemea mtu kwa kukanyaga mboga za marehemu, nikajua ni wao. Walipita bila kubisha hodi. Nilisubiri nyayo ziishe, nikafungua mlango.

Ngoma yangu ilikuwa imeachwa pembeni ya jiwe la mama. Juu yake ngata.

Wazo langu la kwanza, na nalisema ili mjue akili zangu, lilikuwa kwamba wameisahau. Nilikasirika. Ngoma nzima wanaisahau, umande unaanguka, ngozi italowa, itatoa sauti ya debe mbele ya maaskofu. Nikaita, "Venansi!" Mkia wa msafara ulikuwa unaingia kwenye ukungu, na hakuna aliyegeuka. Nikaita tena, nikawatukana. Nikaiweka ngata kichwani. Ilikuwa nzito, imezungushwa tabaka juu ya tabaka, nyingine kwa mkono wa Gaudensia unaokaza mno, nyingine kwa Venansi anayeacha ncha zikitokeza. Nikapiga goti, nikajitwika ngoma, peke yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliweza kabla. Nikatoka mbio za kobe. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. "Unakwenda wapi?" akauliza. "Wameisahau," nikasema kwa hasira, "wapumbavu hawa wameisahau," nikampita.

Niliwafikia kwenye mwinuko wa pili. Wote walikuwa wamesimama, wameangalia mbele, hakuna aliyenitazama, na katika safu yao, kati ya Venansi na Gaudensia, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na ngoma yake. Walikuwa wamepanda vilima vyote vile na hilo pengo. Nikasimama pale, nahema. Ndipo nikaelewa. Nikataka kusema jambo kubwa. "Umechelewa," Gaudensia akasema, bado anaangalia mbele. "Na unanuka." Safari ikaendelea. Kuhusu Rulenge sikumbuki mengi. Kengele, wali, watoto wa shule wa soksi nyeupe, na Melkiori akigonga mara tatu na kunyamaza. Nilifumbua mdomo niitikie, na kabla sauti haijatoka nilimsikia mama vizuri kabisa, kutoka kwenye jiwe lake mbali kule, akiniambia kwamba leo haijalowa.

Nyumba haikufungwa. Mama mdogo alirudi Nyamahanga bila mimi, lakini hakuondoka mikono mitupu; alimchukua Gaudensia akamsaidie mavuno, Gaudensia akaenda kwa wiki mbili, akapata mume huko, hajarudi hadi leo. Mahali nilipokataa kwenda mimi akaenda yeye, na mzee wake alipoishiwa nguvu akamfuata binti. Kikundi cha ngoma kipo bado, vijana wapya, wanapanda gari dogo la mizigo pamoja na ngoma zao na wapigaji wanashuka mikono mibichi. Hakuna anayebeba. Sioni ubaya, shingo zao nzuri.

Kwa hiyo, baada ya simu ile ya Venansi, nilikwenda. Nilikalia gunia la muhogo nyuma ya lori nikiwa nimepakana na mbuzi aliyenidharau, nikashuka Nyamahanga nimejaa vumbi jekundu, nikawaamkia wazee waliokaa nje, nikaingia. Gaudensia alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kitambaa kimefungwa kichwani, amekuwa mwembamba. Tulitazamana. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mazuri, yenye Mungu ndani yake.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Nini iko wapi?"

"Usinifanye mjinga. Nimekaa na mbuzi tangu asubuhi."

Akaangalia chini. "Deo. Ngata ya nini tena? Ngoma ziko wapi? Nani atabeba?"

"Sikuulizi ngoma," nikasema. "Mikono yangu haina kazi."

Hapo akacheka. Kidogo, kwa pua, na binti yake aliyekuwa mlangoni akageuka haraka kama aliyesikia mtu amevunja sahani, maana tangu maziko mama yake hakuwa amecheka. Gaudensia akainuka kwa kushika ukuta, akaniongoza jikoni. Pale kwenye kona ulikuwepo mtungi wa maji, umekaa vizuri, haujaegemea popote, na chini yake ile pete nyeusi, imebanwa na miaka ya mtungi mpaka imekuwa ngumu kama ubao. Ametekea maji juu yake maisha yake yote ya ndoa. Akaukumbatia mtungi, akaunyanyua, nami nikaivuta.

"Mama," binti akasema, "sasa mtungi utakaa wapi?"

"Utaegemea ukuta," Gaudensia akajibu. "Mpaka huyu airudishe." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, vumbi lote lile. "Airudishe mwenyewe. Asimtume mtu."

"Nitairudisha."

"Wewe? Wewe ambaye Rulenge ulifika kwa hasira?"

Sasa iko kwenye msumari, pamoja na yangu. Venansi amekuja juzi akiburuta mguu, akazungusha ganda lake akaacha ncha zimetokeza, mimi nimezungusha langu, na paka anazitazama zote mbili kwa matumaini ya kuku. Jumapili naishusha ile ya Gaudensia, naivaa, natoka nayo mpaka penye jiwe, nakaa, nasikiliza vijana wanapiga ng'ambo ya bonde. Wakinyamaza naitikia peke yangu, kwa sauti ya chini, na ngoma zinaanza tena. Wazee wa Nyamahanga watamaliza msiba wakati wa mavuno. Maharage nimekwisha kuyaanua.